Kuutambua Mradi wa Java Uliotunzwa

Ukikabidhiwa mradi wa Java uupime ubora wake, usianze na msimbo. Msimbo huandikwa na mtu anayejua kwamba utasomwa. Atafuta, atapanga, atazipa metodi majina ya kupendeza. Faili la pom.xml, ambamo mradi huitajia Maven maktaba unazozitegemea, yaani dependensi zake, halipati heshima hiyo. Huko watu huongeza mistari saa nane za usiku, mfumo umegoma kuwaka na mteja anautaka asubuhi, wakabandika walichokipata popote, mfumo ukawaka, wakaenda kulala. Kwa hiyo pom husema kweli kuhusu mkono uliofanya kazi. Aliyeisoma pamoja na mti wa dependensi zake ataujua mradi kuliko aliyesoma klasi zote na kuipuuza.

Nawaandikia hasa vijana wa informatiki wa SUA pale Mazimbu na wenzao wa Mzumbe, na pia mtu wa ofisi anayepokea mfumo uliotengenezwa na wengine na kutakiwa kuweka saini kwamba kazi imekamilika. Java haiko mbali na maisha ya Morogoro. Takwimu za MTUHA zinazojazwa katika zahanati za Mvomero na za miteremko ya Uluguru huishia katika DHIS2, mfumo wa Java uliolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo na mtandao wa HISP, nao hujengwa kwa Maven. SACIDS, yenye makao yake SUA, ndiyo iliyotengeneza AfyaData, programu ya simu za Android ya kuripoti magonjwa ya watu na ya mifugo. Kenya na Uganda zina KenyaEMR na UgandaEMR, zote zimesimama juu ya OpenMRS, ambayo ni Java na Maven tangu chini hadi juu. Dependensi ikikosewa katika mifumo ya aina hii, muuguzi ndiye anayekaa mbele ya skrini isiyofunguka huku foleni ya wagonjwa ikirefuka.

Mashine tupu

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuujenga mradi kwenye mashine ambayo haijawahi kuuona. Kama huna mashine ya pili, andika `mvn -Dmaven.repo.local=/tmp/ghala verify`. Maven itaiacha folda ya .m2 iliyokusanya vitu kwa miaka na kuanza na ghala tupu. Mradi mbovu hufia hapo dakika ya kwanza, na sababu zake hazina aina nyingi.

Iliyo mbaya zaidi ni faili la .jar ambalo mwandishi aliliweka mwenyewe kwa `mvn install` kwenye laptopu yake, kisha akasahau. Kwake kila kitu kinawaka, kwa wengine wote hakuna kinachowaka. Ndugu yake ni dependensi yenye wigo wa `system` na anwani inayoanza na `C:\Users\`, ikifuatiwa na jina la mtu. Ukiiona hiyo katika pom, rudisha mradi ulikotoka kabla hujaendelea kusoma. Kompyuta ya mtu mmoja imefanywa sehemu ya mfumo wa taasisi nzima, na siku mtu huyo akihama kazi, mfumo umehama naye.

Sababu nyingine ni maghala yaliyokufa au kuhama. Tarehe 15 Januari 2020 Maven Central iliacha kupokea maombi ya http; anayebisha kwa anwani ya zamani hujibiwa kwa namba 501 na kuambiwa HTTPS inahitajika. Maven 3.8.1, iliyotoka mwaka 2021, ikaenda mbali zaidi na kuyazuia yenyewe maghala yote ya nje yanayotumia http. Mwezi Februari mwaka huohuo ilitangazwa kwamba JCenter, ghala ambalo miradi mingi ya Android ililitegemea, litafungwa. Kwa hiyo ukikuta `jcenter()` katika mradi unaoambiwa kuwa unatunzwa mpaka leo, umeshajua tangu lini hakuna aliyeukagua.

Mradi ukishajengwa kwenye ghala tupu, kata mtandao na uujenge tena kwa `mvn -o verify`. Kwa fundi wa Morogoro hatua hii si anasa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile ndiyo inayotenganisha miradi. Ule uliotaja kila toleo kwa namba kamili, na ambao maktaba zake zimeshashushwa, huendelea kujengwa kama kawaida. Ule uliojaa matoleo ya `-SNAPSHOT`, au uliotaja toleo kwa masafa kama `[1.0,)`, au ulioandika `LATEST`, hutaka kuuliza kwanza ng'ambo kama kuna kipya; kwa `SNAPSHOT`, Maven huuliza mara moja kwa siku bila kuombwa. Hata mtandao ukiwa mzima, mradi wa namna hiyo haujengwi mara mbili ukatoka kitu kilekile. Leo unapima toleo moja, kesho unampelekea mteja jingine, na hakuna aliyegusa msimbo.

Wengi huamini kwamba `mvn dependency:go-offline` hushusha kila kitu. Haishushi. Programu-jalizi ya Surefire, inayoendesha majaribio, huamua wakati wa kuendesha ni kiungo gani cha JUnit inachokihitaji, na kiungo hicho `go-offline` hukipita bila kukiona. Njia ya uhakika ni kuujenga mradi wote mara moja, majaribio yakiwemo, bando likiwa bado lipo.

Halafu kuna suala la flashi. Kupeana folda ya .m2 kwa flashi ni akili nzuri mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa gigabaiti, lakini humshangaza asiyejua yaliyomo. Kando ya kila .jar Maven huweka faili dogo liitwalo `_remote.repositories`, linaloandika maktaba ilitoka ghala gani. Kama maabara ya chuo inatumia ghala la nakala lililopewa jina `nexus`, na wewe nyumbani Kihonda huna jina hilo katika settings.xml, Maven itakuambia haiwezi kuifikia `central` bila mtandao na kwamba maktaba hiyo haijawahi kushushwa kutoka huko, ingawa .jar lenyewe unaliona kwa macho yako kwenye folda. Dawa yake ni kuchukua settings.xml pamoja na .m2, majina ya maghala yalingane. Kundi linalopeana .m2 bila settings.xml halijaelewa inachofanya Maven, na nikilikuta hukagua kwa makini zaidi kila kitu kingine lililogusa.

Kusoma mti

Mkazi wa Dar es Salaam anayefungua bomba la maji ya Ruvu anapata maji ambayo mengi yalianza kutiririka katika milima ya Uluguru, kwenye vijito asivyovijua majina na kupita mashamba asiyoyaona. Maktaba uliyoitaja katika pom ni bomba. Umeandika mistari sita, lakini `mvn dependency:tree` huonyesha maktaba sabini au zaidi, kwa sababu kila uliyoitaja imekuja na zake, na hizo na zake tena. Ubora wa kinachotoka mwisho huamuliwa huko juu.

Tatizo huanza pale matawi mawili yanapotaka maktaba moja kwa matoleo tofauti. Klasipathi ya kawaida haiwezi kubeba matoleo mawili ya klasi moja. La kwanza kuonekana ndilo linalotumika. Kwa hiyo Maven huchagua, na kanuni yake huwashangaza hata waliokaa nayo miaka. Haichagui toleo jipya zaidi. Huchagua lililo karibu zaidi na mzizi wa mti. Yakiwa umbali sawa, hushinda lililotajwa kwanza katika pom.

Tuseme umeitaja maktaba ya Hadoop ya zamani. Hadoop kwa miaka mingi ilibeba Guava 11.0.2, na kwako imekaa hatua ya pili. Umetaja pia maktaba nyingine, ambayo inaita nyingine, ambayo inahitaji Guava 31. Hiyo iko hatua ya tatu. Maven inachukua 11.0.2. Kompaila hainung'uniki, kwa kuwa msimbo wako hauigusi Guava. Mfumo unawaka, unafanya kazi, mpaka siku mtumiaji mmoja abonyeze kitufe kinachopita njia ile, ndipo unapopata `NoSuchMethodError` yenye jina la `Preconditions.checkArgument`.

Hapo fundi mchanga hufungua tovuti ya Guava na kuthibitisha kwamba `checkArgument` ilikuwepo hata katika toleo la 11, kisha huchanganyikiwa. Metodi ilikuwepo kweli. Lakini zamani ilipokea ujumbe pamoja na orodha ya vitu vya idadi yoyote. Toleo la 20 likaongeza sura mpya zinazopokea kitu kimoja hadi vinne moja kwa moja, ili kuepuka kuunda orodha kila mara. Mwandishi wa maktaba ile hakubadilisha hata herufi moja ya msimbo wake. Alipoukompaili upya dhidi ya Guava mpya, kompaila ilichagua sura mpya na kuiandika ndani ya faili la .class. Guava 11 haina sura hiyo. Anayelijua hili husoma ujumbe wa kosa mpaka kwenye mabano ya aina za vigezo, `(ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V`, maana jibu limeandikwa humo. Asiyelijua husoma jina la metodi, akaishia hapo.

Sasa tazama namna kosa hilo linavyorekebishwa, kwa maana katika marekebisho ndimo ubora unamoonekana waziwazi. Ninayemwita hodari huandika `mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=com.google.guava`, huona ni matawi yapi yanayoileta Guava na ni lipi limeachwa kwa sababu ya mgongano, kisha hutaja toleo moja katika `dependencyManagement`. Mstari mmoja, na matawi yote hutii. Baada ya hapo huhakikisha kwamba na ile maktaba ya zamani inavumilia Guava mpya, kwa kuwa toleo jipya nalo huondoa vitu: Guava 21 iliondoa `Objects.toStringHelper`, na maktaba iliyokompailiwa dhidi ya toleo la 17 inaweza kuanguka hapo.

Fundi wa kati huweka `exclusion` kwenye tawi moja. Hufanya kazi leo, lakini tawi jingine likiongezwa mwezi ujao, Guava ya zamani hurudi kupitia mlango ambao haukufungwa. Kuna pia anayehamisha mistari ya pom juu na chini mpaka kosa lipotee. Huyo ametumia kanuni ya aliyetajwa kwanza bila kujua kuwa ameitumia, na mtu wa kwanza atakayezipanga dependensi kwa alfabeti ili pom ipendeze atalirudisha kosa bila kuelewa alichokifanya. Marekebisho ya aina hii nayahesabu kuwa mabaya kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa linaonekana.

Mradi uliotunzwa hauachi mambo haya yategemee kumbukumbu ya mtu. Una programu-jalizi ya Enforcer yenye kanuni ya `dependencyConvergence` au `requireUpperBoundDeps`, na ujenzi hukataa kuendelea matawi yakigombana. Kuiwasha kwenye mradi mkubwa wa zamani kunauma, kwa kuwa migogoro humwagika skrini nzima. Naheshimu sana timu iliyokubali maumivu hayo na kuyamaliza tawi kwa tawi.

Maktaba mbili, jina moja ndani

Kuna mgongano ambao Maven haiuoni kabisa. Maven hutambua maktaba kwa viratibu vyake, yaani kundi, jina na toleo. Maktaba ikibadilishwa jina, kwa Maven ni mbili zisizo na udugu, hata kama klasi zilizomo ndani ni zilezile. API ya Servlet ilijulikana kama `servlet-api` mpaka 2.5, kisha kuanzia 3.0 ikaitwa `javax.servlet-api`. Mradi uliokua kwa miaka unaweza kuzibeba zote mbili, na ipi itakayotangulia ni bahati.

Na bahati hiyo inaweza kubadilika. Programu ikiendeshwa kwa klasipathi iliyoandikwa `lib/*`, Java haitoi ahadi yoyote kuhusu mpangilio wa mafaili ya .jar ndani ya folda hiyo. Mashine moja huyapanga hivi, nyingine vile. Ukimsikia mtu akisema, "Kaka, kwangu inafanya kazi," usimpuuze; mara nyingi anasema kweli tupu, na kauli yake ni ushahidi unaokuonyesha pa kutafuta. Endesha programu kwenye mashine zote mbili kwa `java -verbose:class`, utafute klasi inayoleta ugomvi, usome imepakiwa kutoka .jar gani. Hapo mabishano huisha.

Kibaya zaidi cha aina hii kilikuja baada ya Java EE kuhamia Eclipse Foundation. Kuanzia Jakarta EE 9, iliyotolewa Desemba 2020, majina ya vifurushi yalitoka `javax` kwenda `jakarta`. Tomcat 10 iliufuata mkondo huo, na Spring Boot 3.0 ya Novemba 2022 ikaufuata pia, ikitaka na Java 17 juu yake. Mradi uliohamishwa nusu una `javax.servlet` upande huu na `jakarta.servlet` upande ule, hukompailika vizuri, na hauwaki. Ukikagua mradi unaodaiwa kuhamia Spring Boot 3, tafuta neno `javax` katika mti wake na katika msimbo. Baadhi ya vifurushi, kama `javax.sql`, ni vya Java yenyewe na vitabaki; lakini `javax.servlet` na `javax.persistence` vikiwepo bado, uhamisho haujaisha, aseme asemavyo aliyeufanya.

Nani abebe

Wigo wa dependensi ni mahali ambapo watu wengi hukisia, na hapa OpenMRS ni shule nzuri kuliko mifano ya vitabuni. OpenMRS ilianza mwaka 2004, kazi ya pamoja ya Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, na ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Imejengwa kama kiini chenye moduli. Kila moduli ni faili la .omod, hupakiwa na kipakiaji chake cha klasi, na hukaa juu ya kiini kilekile.

Fikiri sasa moduli inayoitaja `openmrs-api` kwa wigo wa kawaida wa `compile`. Ikijengwa, nakala ya kiini huingia ndani ya .omod. Seva ikiwaka, klasi ya `Patient` ipo mara mbili, moja kutoka kwenye kiini, nyingine kutoka kwenye moduli. Kwa Java hizo ni klasi mbili tofauti, kwa sababu utambulisho wa klasi ni jina lake pamoja na kipakiaji kilichoileta. Ndipo unapoweza kusoma `ClassCastException` inayosema kitu hakiwezi kugeuzwa kuwa kitu chenye jina lilelile. Aliyekutana nayo mara ya kwanza hudhani kompyuta imeharibika. Moduli iliyotengenezwa vyema huandika `provided`: nahitaji kiini ili nikompailiwe, lakini wakati wa kuendeshwa nitakikuta. Zile inazozitegemea katika moduli nyingine huzitangaza katika config.xml, ili mfumo uzipakie kwanza.

Kwa hiyo mtu akikuletea moduli ya OpenMRS uipime, ifungue kama faili la zip kabla hujaiweka kwenye seva yoyote, utazame folda ya `lib`. Ukikuta humo `openmrs-api` au Spring nzima, umepata jibu. Kanuni ni hiyohiyo kwa faili la .war linalokwenda Tomcat: `servlet-api` haina kazi ndani ya `WEB-INF/lib`.

Majina ya makosa

Fundi hodari hutambulika kwa namna anavyosikiliza jina la kosa. `ClassNotFoundException` maana yake klasi iliitwa kwa jina wakati programu inaendeshwa na haikupatikana. Tazama dereva wa hifadhidata, tazama faili la usanidi. `NoSuchMethodError` maana yake klasi imepatikana lakini si ya toleo ulilolidhania; tazama mti. `UnsupportedClassVersionError` hutaja namba: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Hilo halihitaji kutafakari, ni kulinganisha namba tu.

Linalohitaji kutafakari ni `NoClassDefFoundError`, kwa kuwa lina sura mbili. Sura ya kwanza ni klasi iliyokuwepo wakati wa kukompaili na haipo wakati wa kuendesha. Sura ya pili huja na maneno `Could not initialize class`, na hapo klasi ipo kabisa. Ilijaribu kujiandaa mara ya kwanza ikashindwa, na Java haitaijaribu tena. Kosa la kweli liko juu zaidi katika logi, kwa jina la `ExceptionInInitializerError`, pengine saa nzima kabla. Nimeona watu wakiongeza .jar baada ya .jar kutibu sura ya pili, na kila .jar ikileta mgongano mpya. Nikitaka kujua kama mtu anaijua kazi hii, humpa logi ndefu yenye kosa hilo mwishoni nikaangalia kama macho yake yatapanda juu.

Na kuna makosa ambayo si ya msimbo wala ya mti, ni ya upakuaji. Mtandao ukikatika katikati unaweza kubakiwa na .jar nusu, na ujumbe utakuwa `invalid LOC header` au `error in opening zip file`. Futa folda ya maktaba hiyo moja ndani ya .m2, ishushe tena. Anayefuta .m2 yote amechoma bando la watu wote wa chumba kile bila sababu, na siku ambayo mtandao haupo amesimamisha kazi kabisa. Vilevile Maven ikiitafuta maktaba ikaambiwa haipo, huacha faili lenye mwisho wa `.lastUpdated` na haiulizi tena mpaka muda wake ufike. Maktaba inaweza kuwa imeshapatikana ghalani huku wewe unasoma kosa la jana. Ujumbe wake mrefu unalisema hilo wazi, na tiba yake ni herufi moja, `-U`.

Kila kilichotumika kitajwe

Amri ya `mvn dependency:analyze` hutoa orodha mbili. Ya zilizotajwa bila kutumika naipa uzito mdogo, maana amri hiyo husoma faili za .class tu na haioni vinavyoitwa kwa jina wakati wa kuendesha; ukifuta kwa kuifuata kwa upofu utaondoa dereva wa PostgreSQL. Orodha ya zilizotumika bila kutajwa ndiyo ya kusoma kwa makini. Hizo ni maktaba ambazo msimbo wako unaziita moja kwa moja ingawa zilikuja kupitia mgongo wa nyingine. Siku maktaba iliyozileta ikiziacha, mradi wako huanguka kwa kubadilisha toleo la kitu kisichohusika.

Desemba 2021 ilipotangazwa hatari ya Log4Shell, CVE-2021-44228, swali la kila ofisi lilikuwa moja: tunayo `log4j-core`? Waliokuwa na mti walijibu ndani ya dakika moja. Wasiokuwa nao walianza kupekua folda za seva kwa mkono, na .jar zilizofungwa ndani ya .jar nyingine hazionekani kwa kupekua folda. Jambo likawa zito zaidi kwa kuwa rekebisho la kwanza, 2.15.0, lilifuatwa mwezi huohuo na 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Aliyekuwa na mstari mmoja wa toleo katika `dependencyManagement` alibadilisha namba moja kila mara. Aliyelitaja toleo katika moduli kumi na mbili alibadilisha kumi na mbili, mara nne, akiomba asisahau moja.

Kwa wanaotumia Gradle, mengi ya hapo juu ni yaleyale isipokuwa kanuni ya uchaguzi: Gradle huchukua toleo la juu zaidi. Hivyo kuhamisha mradi kutoka Maven kwenda Gradle kunaweza kubadilisha maktaba zinazoendeshwa bila msimbo kuguswa, na anayehamisha pasipo kulinganisha miti miwili amefanya nusu ya kazi. Chombo chake cha kuulizia ni `dependencyInsight`, na kinapendeza kuliko cha Maven: hueleza toleo limechaguliwa kwa sababu gani.

Unapopokea mradi, dai vitu hivi viwemo ndani ya Git: `mvnw`, ili toleo la Maven lijulikane; settings.xml ya mfano bila nywila; maelezo mafupi juu ya kila `exclusion`, yakisema iliwekwa kwa kosa gani na itaondolewa lini; na mti wenyewe kama faili la maandishi, uliotolewa kwa `mvn dependency:tree -DoutputFile=mti.txt`. Mtu akibadilisha toleo la maktaba moja na Git ikaonyesha mistari arobaini imebadilika katika mti.txt, mwite mkae pamoja muipitie mistari hiyo yote kabla ya kuikubali kazi.